EDF, OCCAR, nchi kiongozi au ununuzi wa pamoja? Njia nne za kushirikiana katika viwanda vya ulinzi vya Ulaya

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kwa majeshi yake yote Februari 2022, kila aliye kwenye sekta ya ulinzi barani Ulaya anahimizwa kushirikiana na jirani yake. Kuhimiza ni rahisi. Anayebaki na kazi ni ofisa wa wizara aliyepewa bajeti na tarehe, au mwenye kampuni ya watu arobaini inayotengeneza vihisi, ambaye anataka kujua: nishirikiane na nani, kwa fedha za nani, na chini ya kanuni zipi?

Hasara ya kila nchi kwenda kivyake si ya kufikirika. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliipelekea Ukraine aina kumi za mizinga ya milimita 155. Kwenye karatasi mizinga hiyo ni jamii moja. Yapo hata makubaliano ya kiufundi yaliyoweka chemba (chumba cha baruti) ya lita 23 kwa mtutu wa kaliba 52, yaani wenye urefu mara 52 ya kipenyo cha tundu lake. Ukiisogelea, mambo ni mengine. Kombora lililothibitishwa kwa mzinga wa nchi moja halina data zake kwenye kompyuta ya kulengea ya mzinga wa nchi nyingine. Baruti za kusukumia zimegawanywa kwa vipande visivyolingana. Kila jeshi linataka kulijaribu kombora upya kabla ya kulipokea. Hivyo ghala linaweza kujaa na mzinga ukakosa cha kurusha. Mwaka 2021 fedha zilizotumika kununua zana kwa pamoja zilikuwa asilimia 18 tu ya ununuzi wote wa zana, ilhali nchi hizo zilikuwa zimejiwekea lengo la asilimia 35.

Njia zinazotumika sana leo ni nne: ruzuku za Mfuko wa Ulinzi wa Ulaya (EDF), miradi ya serikali kadhaa inayosimamiwa na shirika la OCCAR, mpango wa nchi kiongozi, na ununuzi wa pamoja wa kitu ambacho tayari kipo. Kila moja imewahi kufaulu mahali na kukwama pengine.

Vigezo

Tumezipima zote kwa maswali yaleyale. Fedha zinatoka wapi, na nani anajazia pengo? Nani anaandika orodha ya mahitaji, na nani ana mamlaka ya usanifu, yaani haki ya kuubadilisha mchoro bila kuomba ruhusa? Kazi inagawanywaje? Nani anaweza kuzuia bidhaa isiuzwe nje? Inachukua muda gani, na kujitoa kunagharimu nini?

Swali la mahitaji ndilo zito kuliko mengine, na msomaji asilipite haraka. Miradi ya pamoja ya Ulaya iliyochelewa kwa miaka mingi haikuangushwa na wingi wa bendera mezani. Iliangushwa na ukweli kwamba kila bendera ilikuja na toleo lake.

Kuhusu PESCO

Wengi huiweka PESCO kwenye orodha hii kama njia inayojitegemea. Ulianzishwa Desemba 2017, na leo nchi 26 za Umoja wa Ulaya zimo. Malta pekee ndiyo iliyobaki nje. Ni mfumo wa ahadi na miradi kati ya serikali na hauna mfuko wake wa fedha. Faida yake ya moja kwa moja kwa kampuni ni kwamba kazi iliyo chini ya mradi wa PESCO huongezewa asilimia 10 kwenye kiwango cha ruzuku ya EDF, na nchi washiriki huwa zimeshakaa pamoja kabla hujaanza kuzitafuta. Ichukulie kama muhuri unaoongeza thamani ya njia nyingine.

Njia ya kwanza: ruzuku za EDF

Fedha. Mfuko ulitengewa karibu yuro bilioni 8 kwa miaka 2021 hadi 2027: takriban theluthi moja kwa utafiti, theluthi mbili kwa uendelezaji. Katika mzunguko wa 2024 ilichaguliwa miradi 62, kwa jumla ya yuro milioni 910 hivi. Utafiti unaweza kulipiwa asilimia 100 ya gharama zinazokubalika. Uendelezaji una hesabu yake, na hapo ndipo wengi huumia. Kutengeneza mfano wa majaribio kunaanzia asilimia 20. Nyongeza za PESCO na za ushiriki wa kampuni ndogo na za kati zinaweza kukupandisha kwa asilimia 35 tu, kwa hiyo dari ni asilimia 55. Majaribio na uthibitishaji vinaweza kufika asilimia 80.

Tuiweke kwa tarakimu. Mfano wa majaribio unaogharimu yuro milioni 10 utapata milioni 2 kutoka Brussels kama huna nyongeza yoyote, na milioni 5.5 ukizipata zote. Kiasi kinachobaki, milioni 4.5 au zaidi, lazima kitoke kwenye wizara za ulinzi au mfukoni mwa kampuni. Wizara isiyo na fungu hilo kwenye bajeti ya mwaka husika haiwezi kukuokoa, hata kama inaipenda kazi yako. Barua za wizara zitafutwe kabla ya kuanza kuandika andiko la kuomba ruzuku. Muungano wa kampuni unaoanza kubisha hodi wizarani wiki ya mwisho huwa umeshachelewa.

Mahitaji. Kwa miradi ya uendelezaji, lazima nchi zisizopungua mbili ziwe zimekubaliana juu ya mahitaji. Sharti hilo linaepusha kutengeneza kitu kisicho na mteja, ila halimlazimishi yeyote kununua. Mada zenyewe zinatoka kwenye mpango kazi wa mwaka wa Tume ya Ulaya. Kama teknolojia yako haiendani na mada yoyote, angalia miito (matangazo ya kuomba ruzuku) isiyo na mada iliyotengwa kwa ajili ya kampuni ndogo.

Mgawanyo wa kazi. Kima cha chini ni taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya au Norwei, zisizomilikiwa na mtu mmoja. Miungano mingi huvuka mno kiwango hicho. Anayeomba lazima awe na makao na uongozi wake ndani ya eneo hilo, na asiwe chini ya udhibiti wa nchi ya nje. Kampuni tanzu ya Mmarekani au Mwingereza inaweza kuingia iwapo tu serikali ya nchi ilipo itatoa dhamana kwamba mmiliki wa nje hatazuia kazi wala kufikia siri. Fomu ya umiliki si ya kujaza mwishoni: mwekezaji mmoja mwenye kura ya turufu kwenye bodi anatosha kuangusha andiko zuri.

Kuuza nje. Matokeo ni mali ya walioyazalisha, na leseni za kuuza nje zinabaki mikononi mwa serikali zao. Kuhamishia umiliki wa matokeo nje ya Umoja wa Ulaya kunahitaji kuijulisha Tume kwanza, na kunaweza kuleta madai ya kurejesha ruzuku.

Muda na kujitoa. Miito hutoka mwanzoni mwa mwaka na kufungwa msimu wa vuli. Matokeo hutangazwa majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata, na mikataba husainiwa kuelekea mwisho wa mwaka huo. Hesabu karibu miaka miwili kati ya kuusoma mwito na kupokea fedha ya kwanza. Kampuni changa isiyo na mapato mengine haiwezi kusubiri hivyo. Mshiriki akijitoa, wenzake hugawana kazi yake au kumtafuta mbadala kwa ridhaa ya Tume, na mradi unaweza kuendelea.

Inamfaa nani? Mwenye teknolojia ambayo bado haijakomaa na anayehitaji washirika wa nchi nyingine kuikomaza: vihisi, mawasiliano, programu za droni, vifaa vya kutengenezea injini. Haimfai anayehitaji kitu kikabidhiwe jeshini ndani ya miaka mitatu. Udhaifu wake mkubwa uko mwishoni: mradi unafungwa kwa onyesho lililofana, ripoti inawasilishwa, kisha hakuna mkataba wa ununuzi. Mwenye kampuni ndogo kabisa asiye na washirika anaweza kuanzia DIANA, mpango wa NATO wa kukuza teknolojia mpya, unaopokea maombi ya kampuni moja moja na kutoa yuro 100,000 katika hatua ya kwanza.

Njia ya pili: mradi wa serikali kadhaa chini ya OCCAR

OCCAR ilianzishwa mwaka 1996 na Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uingereza. Ubelgiji na Uhispania ziliingia baadaye. Makao yake yako Bonn. Si chombo cha Umoja wa Ulaya, ndiyo maana Uingereza imebaki mwanachama hata baada ya kuuaga Umoja, na Uturuki imeshiriki mradi wa A400M, ndege ya kijeshi ya uchukuzi, bila kuwa mwanachama wa OCCAR.

Fedha. Kila serikali inalipa sehemu yake kutoka bajeti ya taifa, kwa mkataba mmoja unaosainiwa na OCCAR kwa niaba ya wote. Hakuna ruzuku, lakini kuna mteja tangu siku ya kwanza, jambo ambalo EDF haitoi.

Mahitaji. Hapa ndipo njia hii hupanda au huanguka. Chukua A400M. Mkataba wa Mei 2003 ulikuwa wa ndege 180 kwa nchi saba, takriban yuro bilioni 20, na ndege ya kwanza ilitarajiwa 2009. Ndege moja ilitakiwa iruke mbali kwa kasi inayokaribia ya jeti, itue kwenye udongo, idondoshe askari kwa miavuli, ijaze mafuta ndege nyingine angani, na iruke chini kabisa ikifuata sura ya ardhi. Injini ilitoka kwa ubia wa kampuni nne za nchi nne, uliochaguliwa badala ya injini ya Pratt & Whitney Canada. Programu ya kompyuta inayoendesha injini hiyo ndiyo iliyozuia ndege isiruke: iliandikwa bila kumbukumbu za ufuatiliaji zinazotakiwa na uthibitishaji wa kiraia, ikabidi kazi hiyo irudiwe. Ndege iliruka mara ya kwanza Desemba 2009, na Ufaransa ikapokea ya kwanza 2013. Mwaka 2010 serikali zilikubali kuongeza yuro bilioni 3.5, nyingine zikapunguza maagizo, idadi ikashuka hadi 170. Leo ni ndege inayofanya kazi kubwa, nasi tunaiheshimu. Ila atakayeanza mradi mpya asome historia ya injini ile kabla hajakubali kuandika "iweze pia" kwenye orodha ya mahitaji.

Upande wa pili kuna gari la deraya la Boxer, lililo chini ya shirika hilohilo. Wasanifu waliikata tofauti ya mahitaji kwa kisu, wakaitenga na gari lenyewe. Chini kuna sehemu ya mwendo, yenye injini, magurudumu manane na dereva, nayo ni ileile kwa wote. Juu yake hukaa moduli ya kazi inayoinuliwa kwa kreni na kubadilishwa kwa muda wa saa moja hivi: ya wagonjwa, ya amri, ya kubeba askari, ya mzinga. Ujerumani, Uholanzi na Lithuania kila moja ina moduli zake bila kuchafua gari la mwenzake. Uingereza ilijitoa 2003, ikarudi 2018 na kuagiza zaidi ya magari 500. Haya ni mafanikio ya usanifu kuliko ya diplomasia.

Frigeti za FREMM ziko katikati. Ni mradi mmoja, lakini za Ufaransa na za Italia zinatofautiana silaha, vihisi, hata mpangilio wa mitambo ya mwendo. Zote ni meli nzuri. Akiba iliyotarajiwa kutokana na kufanana ndiyo iliyopungua.

Mgawanyo wa kazi. Mkataba wa OCCAR ulikusudia kuachana na desturi ya kila nchi kurudishiwa kazi sawasawa na pesa iliyotoa ndani ya mradi mmoja; hesabu ifanywe kwa miaka mingi na miradi mingi. Kanuni ni nzuri, ila mabunge hayaisubiri. Ikiwa hesabu itafanywa mradi kwa mradi, utapata hali ya ndege ya kivita ya Eurofighter, ambayo haiko OCCAR lakini ni somo kwa wote: nchi nne, na mistari minne ya kuunganisha ndege, Warton, Manching, Caselle na Getafe.

Kuuza nje. Kila mshirika ana neno. Mauzo ya Eurofighter nyingine kwa Saudi Arabia yalizuiwa na Ujerumani kwa miaka hadi ilipolegeza msimamo Januari 2024, ingawa muuzaji alikuwa Uingereza. Ufaransa na Ujerumani zilikubaliana 2019 kwamba sehemu za mwenzake zikiwa chini ya asilimia 20 ya thamani ya mfumo, kwa kawaida hatazuia. Uhispania ilijiunga 2021. Kama mradi wako una washirika wengine, andikeni kanuni ya namna hiyo kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya hapo kila kura ya turufu ina bei.

Muda na kujitoa. Miaka 10 hadi 15 kutoka makubaliano hadi kikosi cha kwanza si ajabu. Anayepunguza idadi huwapandishia wenzake bei kwa kila kipande, na kwa hiyo mikataba hubeba adhabu.

Inamfaa nani? Serikali zinazotaka mfumo mkubwa ambao hakuna mmoja wao anayeweza kuulipia peke yake, zenye subira na bajeti inayovuka chaguzi. Kwa kampuni ndogo, mlango wake ni wa mkandarasi mdogo: ingia kwa sehemu moja unayoijua kuliko yeyote, na ulinde michoro yako ya awali kwa maandishi.

Njia ya tatu: nchi kiongozi

Waswahili walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na njia hii imejengwa juu ya ukweli huo. Nchi moja inashika usukani wa mradi kwa niaba ya wote, mwenzake anakubali kupokea kitu kilekile, na zamu hubadilishwa kwenye mradi mwingine.

Mfano ulio safi kuliko yote ni wa Ubelgiji na Uholanzi. Majeshi yao ya majini yana amri ya pamoja Den Helder tangu miaka ya 1990. Zilipohitaji meli mpya za kusaka mabomu ya majini na frigeti mpya kwa wakati mmoja, ziligawana: Ubelgiji ikaongoza ununuzi wa meli 12 za mabomu, sita kwa kila nchi, kwa mkataba wa 2019, Uholanzi ikaongoza frigeti za kupambana na nyambizi. Meli hizo 12 zinafanana. Hukaa nje ya eneo la hatari na kutuma vyombo visivyo na watu kwenda kutafuta na kulipua. Fundi aliyefunzwa kwenye meli ya Ubelgiji anaijua ya Uholanzi.

Fedha. Bajeti za taifa, bila wa tatu wa kuchangia. Mzani hupatikana kwa kubadilishana miradi, hivyo kila nchi huingiza kazi kwa viwanda vyake pale inapoongoza.

Mahitaji. Kiongozi anashika kalamu, na mwenzake anakuwa na ofisa wake ndani ya ofisi ya mradi. Ujerumani na Norwei zilisaini Julai 2021 nyambizi 6 za aina ya 212CD, mbili kwa Ujerumani na nne kwa Norwei, kwa sharti kwamba zifanane. Kufanana huko ndiko kunakoleta faida: ghala moja la vipuri, mafunzo mamoja, na orodha moja ya marekebisho. Mwenzi mdogo akikubali "karibu sawa", baada ya miaka mitano atakuwa na zana yake peke yake.

Hapa NH90 inafaa kutajwa kama onyo. Helikopta hiyo ya nchi nyingi ilizaa aina zaidi ya 20, kila moja na vipuri na nyaraka zake. Norwei ilivunja mkataba wake Juni 2022 na kutaka irudishiwe fedha, baada ya helikopta kuchelewa na kukosa saa za kuruka.

Mgawanyo wa kazi. Huzingatia anayeweza zaidi. Droni ya majaribio ya nEUROn iliongozwa na Ufaransa ikiwa na ofisi moja ya serikali na mkandarasi mkuu mmoja, Dassault, huku Uswidi, Italia, Uhispania, Ugiriki na Uswisi zikipewa vipande walivyovimudu. Ilichukua zaidi kidogo ya yuro milioni 400, ikaruka Desemba 2012. Tuilinganishe na mradi wa ndege ya kivita ya baadaye wa Ufaransa, Ujerumani na Uhispania, uliotangazwa 2017, ambako Dassault na Airbus zimevutana kwa miaka juu ya nani aongoze na nani ashike haki za usanifu. Swali la uongozi lililoachwa wazi mwanzoni halijibiwi na muda.

Kuuza nje. Ni rahisi kuliko OCCAR kwa kuwa wa kukubaliana ni wachache, ila mwenzi mdogo asijidanganye: leseni kwa kawaida ni ya nchi ya kiongozi.

Muda na kujitoa. Ni nyepesi zaidi kati ya njia za kutengeneza kitu kipya. Kisheria, Agizo la Ulaya 2009/81 kifungu cha 13(c) kinaruhusu nchi mbili au zaidi zinazoendeleza bidhaa mpya kwa pamoja kuiagiza bila zabuni ya wazi, mradi kuna utafiti na uendelezaji wa kweli ndani yake. Kujitoa ni kugumu kisiasa, kwa sababu ukimwacha jirani kwenye mradi huu atakuacha kwenye ule.

Inamfaa nani? Nchi mbili au tatu zenye bahari, ardhi au adui anayefanana, na majeshi yaliyozoeana. Haifai palipo na nchi mbili kubwa ambazo kila moja ina kiwanda kinachotaka kuwa cha kwanza.

Njia ya nne: kununua pamoja kilichopo

Fedha. Hapa mabadiliko ni makubwa. SAFE, iliyopitishwa Mei 2025, inazipa nchi za Umoja wa Ulaya mikopo ya hadi yuro bilioni 150, ya muda wa hadi miaka 45 na miaka 10 ya kwanza bila kulipa mtaji. Nchi 19 ziliomba. Polandi ndiyo iliyopangiwa kubwa kuliko zote, zaidi ya bilioni 43. Ujerumani haikuomba, kwa sababu yenyewe hukopa sokoni kwa riba nafuu. Hilo ndilo jaribio la kwanza kwa nchi yoyote: linganisha riba yako na ya Brussels kabla ya kuvutiwa na ukubwa wa fungu.

Mahitaji. Unanunua kilichopo, hivyo orodha imeshaandikwa na mtengenezaji na wateja wa kwanza. La muhimu ni kukiacha hivyohivyo. Chini ya SAFE, angalau asilimia 65 ya thamani ya vijenzi itoke ndani ya Umoja wa Ulaya, nchi za EFTA zilizo katika eneo la uchumi la Ulaya (Norwei, Aislandi na Liechtenstein), au Ukraine. Kwa mifumo tata, kama ya kuzuia makombora, kuna sharti la ziada: mkandarasi awe na mamlaka ya kubadilisha usanifu bila kizuizi cha nchi ya nje. Hesabu ya asilimia 65 inafanywa kwa vijenzi vya bidhaa ya mwisho, basi mwombe mtengenezaji orodha yake ya vijenzi mapema. Chipu moja au kitafutalengo chenye leseni ya Marekani kinaweza kupita kwenye asilimia na kukwama kwenye mamlaka ya usanifu.

Nje ya Umoja kuna NSPA, wakala wa ununuzi wa NATO ulioko Capellen, Luxembourg. Januari 2024 uliziagizia Ujerumani, Uholanzi, Romania na Uhispania hadi makombora 1,000 ya Patriot. Usanifu ni wa Kimarekani, ila agizo kubwa namna hiyo ndilo lililowezesha kujengwa uwezo wa kuyatengeneza Schrobenhausen, Ujerumani. Kwa anayejali uhuru wa kiteknolojia hilo halitoshi; kwa anayejali ghala tupu, ni jibu.

Mgawanyo wa kazi. Hakuna wa kugawa, kiwanda ni kimoja. Nchi ndogo inaweza kudai matengenezo yafanyike kwake. Kumiliki pamoja kunaenda mbali zaidi: ndege za kujazia mafuta angani za A330 zilizoko Eindhoven ni mali ya NATO, na kila nchi mshiriki hununua saa za kuruka. Zilianzishwa na Uholanzi na Luxembourg mwaka 2016. Luxembourg haikuhitaji ndege nzima, ilihitaji saa.

Kuuza nje. Swali hili halimgusi mnunuzi sana, isipokuwa siku atakapotaka kumpa jirani makombora yake. Ruhusa ya kuhamisha iandikwe kwenye mkataba. Wengi waliligundua hili 2022, walipokuwa wakisubiri barua kutoka nchi iliyotengeneza.

Muda na kujitoa. Ni ya haraka, mradi kiwanda kina nafasi. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi Ukraine makombora milioni moja ya mizinga ndani ya miezi 12, na tarehe ilipofika yalikuwa yamepatikana nusu hivi. Fedha zilikuwepo; vilivyokosekana ni baruti, vilipuzi na mistari ya kujazia. Ndiyo maana mpango wa ASAP ulielekeza yuro milioni 500 kwenye viwanda vyenyewe. Kabla ya kusaini, uliza kiwanda kinazalisha vingapi kwa mwezi sasa, na nani yuko mbele yako kwenye foleni.

Inamfaa nani? Jeshi lenye pengo la leo, na nchi ndogo isiyoweza kupata bei nzuri peke yake. Haimjengei mhandisi wa nchi hiyo ujuzi mpya, na anayeichagua akubali hilo wazi.

Kwa hali yako

Una teknolojia nzuri kwenye maabara, huna mteja: EDF, ila usiandike andiko bila ofisa wa wizara anayejua jina la kikosi kitakachokitumia. Muulize pia kama kuna mradi wa PESCO unaoweza kuingia.

Una kiasi kikubwa cha fedha za taifa na unahitaji mfumo mpya kabisa: kama jirani mmoja ana mahitaji karibu sawa na yako, nchi kiongozi, hata ikibidi kuachia usukani safari hii. Mkiwa wanne au zaidi, OCCAR, kwa masharti ya Boxer: sehemu ya pamoja isiguswe, tofauti zote zihamie kwenye moduli.

Ghala ni tupu na adui hasubiri: nunueni pamoja, kitu ambacho wengine tayari wanacho. Kama riba yenu ni ya juu, SAFE. Kama mnachokitaka hakifiki asilimia 65 au mna mshirika nje ya Umoja, NSPA.

Unahitaji uwezo mara chache kwa mwaka, si kila siku: tafuta umiliki wa pamoja kwa saa, kama Eindhoven.

Uko tayari ndani ya mradi uliokwama: fungua mkataba na utafute mambo matatu kabla ya kuitisha mkutano mwingine. Kwanza, gharama ya kujitoa kwa tarehe ya leo. Pili, michoro na programu zipi utaondoka nazo na haki ya kuzitumia. Tatu, idadi ya matoleo yanayotofautiana. Kama hilo la tatu linaweza kupunguzwa na washirika wako wako tayari kuyaacha mahitaji yao ya ziada, baki na mradi. Kama kila mmoja anatetea toleo lake, anza mazungumzo ya kuondoka mapema, wakati bado una vipuri.